Gwaride la medali ya UN: siku 90 zinahesabiwaje, na medali inakaa wapi kifuani?

Karani_wa_Kombania (mwenye swali)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoyajua makaratasi ya medali za UN. Kikosi kiko ulinzi wa amani Kongo chini ya MONUSCO (misheni ya UN huko), kiliingia kwa makundi matatu ya ndege, na gwaride la kuvishwa medali limepangwa wiki chache kabla ya rotesheni (kupokezana na kikosi kingine), tarehe [imefutwa]. Orodha ya majina iko mezani kwangu na makao makuu ya misheni wanaisubiri.

Ninapokwama ni hapa. Siku 90 zinaanza tarehe ya kuondoka nyumbani au ya kutua? Kuna askari wanne wa kujazia nafasi walioingia nyuma ya wenzao, na siku ya gwaride watakuwa na siku 84 tu. Kuna wengine wana medali ya misheni hii hii kutoka safari iliyopita: wanapewa ya pili? Na yupo mmoja aliyejeruhiwa doria akiwa na siku 40, akasafirishwa kwa matibabu, hajarudi.

Jingine ni la kifuani. Wapo wenye nishani za nyumbani, wapo waliowahi kuwa Darfur na Lebanon. Mpangilio wake ukoje?

---

Mgambo_Mstaafu

Kwanza ifute hiyo tarehe, mkuu. Nchi, kombania na siku ya kuhama, zote kwenye jukwaa la wazi? Maswali yako yanajibika bila hiyo.

---

Ofisi_ya_Utumishi

Karani, siku zinahesabiwa kuanzia siku askari alipoingia eneo la misheni. Siku za mafunzo ya maandalizi nyumbani hazimo, na siku za kusubiri ndege hazimo. Sharti ni siku 90 mfululizo za utumishi ndani ya misheni. Siku ya kutua ndiyo ya kwanza. Aliyeingia 12 Machi anatimiza siku ya 90 tarehe 9 Juni. Kama unatumia programu ya majedwali, chukua tarehe ya kuingia ujumlishe 89, usijumlishe 90. Hilo kosa la siku moja ni dogo, lakini orodha yako ikipishana kwa siku moja na kumbukumbu zao inarudishwa nzima, na kurudishwa kwa orodha wiki tatu kabla ya gwaride ni balaa.

Tarehe ya kuingia usiitoe kichwani wala usimuulize askari. Itoe kwenye orodha ya abiria wa ndege ya kundi lake. Kikosi kilichoingia kwa makundi matatu kina tarehe tatu, na makarani wengi huandika tarehe ya kundi la kwanza kwa watu wote kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye amri ya kikosi. Hapo ndipo wale wanne wako wangepita kimakosa.

Kuhusu hao wanne: siku 84 si 90, na gwaride haliongezi siku. Waandike kwenye orodha ya nyongeza, yenye safu ya tarehe ambayo kila mmoja atatimiza siku 90. Orodha hiyo iende pamoja na ile kubwa, bahasha moja, ili medali zao zije kwenye mzigo mmoja na zingine. Zinakaa kwa kamanda kikosi, na siku zikitimia wanavishwa kwenye paredi ya kawaida ya asubuhi. Ukiwaacha kabisa kwa kudhani utawaombea baadaye, kikosi kitakuwa kimeshaondoka na ofisi iliyobaki haiwafahamu.

Safari zote za nje ya eneo la misheni, likizo au nyinginezo, ziandike kwa tarehe za kutoka na kurudi. Usiamue wewe kama zinakatisha mfululizo. Uamuzi huo ni wa utumishi makao makuu ya misheni, na wakikuta umezificha wataitilia shaka orodha yote.

Sasa majina, maana huku ndiko kwenye maumivu. Sisi tuna majina matatu na mifumo yao inaanza na jina la ukoo. Ukiandika kwa mtiririko wetu bila kuweka safu tofauti, cheti kinatoka na jina la babu mbele na la mwenyewe nyuma. Tenganisha: safu ya jina la ukoo, safu ya majina mengine, safu ya namba ya jeshi, safu ya cheo. Tahajia iwe ile ile ya kitambulisho cha UN alichopewa alipofika, hata kama kwenye faili la nyumbani ni Mohamedi na kwenye kitambulisho ni Mohamed. Ukiona tofauti, sahihisha kitambulisho kwanza, orodha baadaye.

Cheo nacho. Wapo wanaopanda cheo katikati ya mwaka. Andika cheo cha siku ya gwaride, na pembeni weka namba ya amri iliyompandisha, la sivyo msomaji wa pili atakuja "kukurekebisha" akirudishe cheo cha zamani.

Ukimaliza, ibandike orodha kwenye ubao wa kila kombania kwa siku mbili, kila askari aweke saini mbele ya jina lake. Walioko kambi za mbele wapelekewe nakala. Makosa ya majina yanayobaki baada ya hapo huwa machache sana.

---

Bluu_Bereti

Ninavyofahamu mimi ni miezi 6, si siku 90. Wazee wote husema miezi 6.

---

Utepe_na_Pini

Wazee hawakosei, ila wanazungumzia enzi nyingine. Muda umekuwa ukibadilika kwa misheni na kwa wakati. Waangalizi wa UNTSO, misheni ya UN ya kusimamia usitishaji mapigano kule Mashariki ya Kati, walianza na miezi 6. Saiprasi, mwaka wa kwanza kuanzia Machi 1964, ilikuwa siku 30 tu, ndipo ikapandishwa kuwa 90. Kwa misheni za sasa ni siku 90.

Kinachochanganya watu zaidi ni kwamba gwaride lenyewe huwa mwishoni. Safari ya kikosi ni miezi 12, askari ametimiza siku 90 tangu mwezi wa nne, lakini anavishwa mwezi wa kumi na moja, basi anadhani medali ni ya mwaka mzima. Gwaride linasogezwa kwa sababu za kawaida kabisa: kundi la mwisho litimize siku, kombania zilizotawanyika zipate kuachiana zamu za ulinzi, na mgeni rasmi kutoka makao makuu ya misheni apate nafasi na ndege.

Kuhusu medali ya pili, hakuna. Utepe wa misheni moja unavaliwa mmoja tu. Anayeendelea kutumikia misheni ile ile siku 180 za ziada anapewa tarakimu ndogo ya chuma, 2, kisha 3, ya kubandika katikati ya utepe. Akienda misheni nyingine anaanza upya: siku 90, medali nyingine, utepe mwingine. Kwa hiyo yule wa Darfur (UNAMID) na Lebanon (UNIFIL) atakuwa na tatu akivishwa hii ya Kongo, na hiyo ni sahihi.

FIB, yaani brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, hii iliyoundwa kwa azimio la Baraza la Usalama namba 2098 la Machi 2013 ikiwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, haina utepe wake. Aliyekuwa FIB anavaa utepe wa MONUSCO kama mwenzake wa kikosi kingine chochote cha misheni. Nasema hivi kwa sababu kuna tepe zinauzwa mitandaoni zikiitwa "za FIB". Usizivae.

Na siku za chini ya SADC au za kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata kama ilikuwa Kivu hiyo hiyo ya mashariki mwa Kongo na adui yule yule, haziingii kwenye hesabu ya UN. Mkataba tofauti, bendera tofauti.

---

Karani_wa_Kombania

Asante sana wakuu. Tarehe nimeifuta. Hiyo tarakimu 2 naiomba kwenye orodha ile ile au fomu nyingine? Na wanaostahili nawajuaje, maana wengine hawana hata cheti cha safari ya kwanza.

---

Ofisi_ya_Utumishi

Orodha ile ile, ongeza safu mbili: "aliwahi kuhudumu misheni hii" na "tarehe za kuingia na kutoka". Ambatanisha nakala ya cheti cha kwanza. Asiye na cheti, omba dondoo ya amri ya kikosi kilichomtangulia kutoka makao makuu nyumbani, na uombe mapema. Maneno ya askari peke yake hayatoshi, hata kama kila mtu kambini anamkumbuka. Unaona kwa nini cheti si cha kutundika sebuleni kikaliwa na jua?

---

Mwalimu_wa_Kwata

Niongezee la uwanjani, maana makaratasi yakikamilika gwaride bado linaweza kuharibika.

Hesabu muda kwanza. Askari 300, mgeni rasmi mmoja, sekunde 10 kila mtu: hizo ni dakika 50 watu wamesimama mguu sawa juani, pale karibu na mstari wa ikweta. Watu wanaanguka. Wakiwa wavishaji sita, kila mmoja na watu 50, mnamaliza kwa dakika 8 na ushei. Utaratibu unaofanya kazi ni mgeni rasmi kuvisha safu ya mbele au wawakilishi wachache, huku makamanda wa kombania na wageni wengine wakivisha safu zao kwa wakati mmoja. Mwambieni mratibu wa misheni mapema idadi ya wavishaji, maana wageni wengine hujikuta wamepewa sinia bila kujua la kufanya.

Kila mvishaji ana mbeba sinia wake. Medali zilale kwenye sinia kwa mtiririko wa safu, utepe ukiangalia juu, pini ikiwa imefunguliwa tayari, na kila sinia iwe na medali 2 au 3 za akiba. Chini weka kitambaa kizito, si hariri, maana hariri huteleza na sinia ikiinama kidogo mzigo wote unakimbilia kona moja. Medali hazina majina, zote sawa, kwa hiyo msipoteze muda kumtafutia mtu "yake". Zenye tarakimu ndizo za kuangalia: wenye tarakimu wapangwe pamoja mwisho wa safu.

Pini ndiyo adui. Mgeni akipenyeza pini kwenye kombati nene kwa mikono yenye jasho, ama inapinda, ama inamchoma askari, ama inashikilia uzi mmoja tu na medali inaanguka kwenye hatua ya kwanza ya kupita mbele ya jukwaa. Dawa yake: siku moja kabla, kila askari ashone vitanzi viwili vya uzi mnene juu ya mfuko wa kushoto, umbali wa sentimita 2 kati yake. Mvishaji anapitisha pini kwenye vitanzi, anafunga, basi. Fundi cherehani mmoja wa kombania anawamaliza watu 100 kwa siku.

Wanaovishwa wasiwe na silaha mkononi. Bunduki ikiwa kuliani, mkono wa kupokelea pongezi haupo, na mgeni lazima ataunyoosha wake. Watoe heshima wote kwa pamoja mgeni anapofika jukwaani na anapomaliza. Mmoja mmoja wasipige saluti, inakula sekunde na inamgonga mbeba sinia.

Fungueni safu kabla ya kuanza, hatua mbili kati ya safu na safu, ili watu watatu waweze kupita: mvishaji, mbeba sinia, na msaidizi. Mazoezi yafanyike mara mbili angalau kwa sinia halisi na medali za maboksi au vifuniko vya chupa, vyovyote, mradi mikono izoee. Na wakati wa hotuba wawekeni mguu pande. Hotuba za siku hiyo hazijawahi kuwa fupi.

Mvua ikinyesha hakikisheni kuna turubai kubwa au ukumbi wa kulia chakula umepangwa kabla. Kule Beni, mashariki mwa Kongo, mvua haiombi ruhusa.

---

Sindano_na_Utepe

Hujambo Karani. Niko upande wa Kenya lakini kanuni ya kifua haitofautiani sana. Nishani za nchi yako hutangulia, za nje hufuata. "Kutangulia" maana yake ni karibu na vifungo, katikati ya kifua. Za nje huelekea bega la kushoto. Kwa Mtanzania, nishani ya Vita vya Kagera au ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema haiwezi kukaa nyuma ya medali ya UN, hata kama ya UN ilipatikana mapema. Zile za UN zenyewe kwa zenyewe, wengi huzipanga kwa tarehe ya kutunukiwa: Lebanon kama ndiyo ya kwanza, Darfur, kisha Kongo. Amri ya mavazi ya jeshi lako ndiyo ya mwisho. Isome kabla hujampa fundi kazi.

Vipimo sasa. Medali ya UN ni ya rangi ya shaba, kipenyo milimita 35, mbele ina nembo ya Umoja wa Mataifa na herufi UN, nyuma maandishi ya Kiingereza yenye maana ya "katika utumishi wa amani". Utepe wake nao una upana wa milimita 35. Medali nyingi za mtindo wa Uingereza, ambao majeshi yetu yaliurithi, zina utepe wa milimita 32. Fundi aliyezoea 32 akiibana ya UN kwenye nafasi hiyo, kingo za utepe hujikunja na baada ya mwezi unaona mstari wa mkunjo usiotoka. Mwambie apime upya.

Medali nne za upana huo ni milimita 140 zikiwekwa ubavu kwa ubavu, na hapo mfuko wa kifua umeshakwisha. Kuanzia tano zipandishwe, kila moja ifunike sehemu ya inayofuata, ile ya karibu na vifungo ndiyo ionekane yote.

Kitu ambacho macho ya mkaguzi huona kwanza ni ncha za chini. Medali zote ziishie kwenye mstari mmoja chini. Ya UN inaning'inia kwa pete, za mtindo wa Uingereza nyingi zina upau ulionyooka unaoongeza urefu, kwa hiyo urefu wa tepe hauwi sawa. Usikate tepe zote kwa kipimo kimoja. Laza medali mezani, weka rula chini yake, kisha ndipo ukate utepe kutokea juu, ukiacha sentimita 2 za kukunja.

Shona, usitie gundi. Gundi hupenya, utepe wa bluu unapata doa jeusi, na kwenye joto inalegea.

Ile tarakimu ina miguu miwili nyuma. Toboa utepe kwa sindano kwanza, pitisha miguu, ikunje kuelekea nje taratibu. Ukiibana kwa koleo inakata nyuzi. Weka tarakimu nyingine kwenye kile kipande cha utepe cha sare ya kazi pia; wengi husahau hapo.

Usiisugue kwa Brasso, ile dawa ya kung'arisha chuma. Najua mkono wa askari unawasha ukiona chuma, lakini rangi ile ya shaba ni ya juu juu, ukiisugua mara tatu nembo inaanza kuwa na mabaka ya njano. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha. Kama imelowa jasho, ifute siku hiyo hiyo, usiifungie kwenye boksi ikiwa na unyevu, utaikuta imeota ukijani pembeni mwa pete.

---

Bluu_Bereti

Kwa hiyo bereti ya bluu na skafu nayo tunaendelea kuvaa nyumbani siku za sherehe?

---

Sindano_na_Utepe

Hapana. Bereti na skafu ni vya kazi ya misheni, zinaishia huko. Unachorudi nacho kifuani ni medali na utepe wake.

---

Utepe_na_Pini

Swali la majeruhi halijajibiwa vizuri. Aliyeondolewa kwa jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi ya misheni hapotezi medali kwa sababu tu hakufikisha siku 90. Lakini haitokei yenyewe: kamanda kikosi aandike pendekezo, likiwa na taarifa ya tukio la doria, taarifa ya daktari na tarehe ya kuondolewa, liende pamoja na orodha. Asiyestahili hata akifikisha siku ni yule aliyerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu.

Tena msichanganye na mambo mawili mengine yanayotajwa sana siku hizi. Medali ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama mwaka 1997, ni ya waliopoteza maisha kazini. Haivaliwi kifuani kabisa: ni kioo kizito chenye umbo la yai, kimechorwa jina na tarehe ya kufariki. Kwa desturi hukabidhiwa kwa ujumbe wa kudumu wa nchi New York katika kuadhimisha siku ya walinda amani, 29 Mei, nchi ndiyo inaifikisha kwa familia. Familia ikikaa kimya ikisubiri, waelekezeni waulize makao makuu ya jeshi la nchi yao, siyo ofisi ya misheni. Na ile ya Kapteni Mbaye Diagne (mlinda amani wa Senegal), iliyoanzishwa mwaka 2014, ni ya ujasiri wa pekee na waliowahi kuipata wanahesabika kwa vidole. Mmojawapo ni Chancy Chitete wa Malawi, aliyeuawa karibu na Beni Novemba 2018 akimwokoa mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa. Hizo hazina hesabu ya siku.

---

Mwalimu_wa_Kwata

Nyongeza ndogo: gwaride likiisha, medali zivuliwe pale pale kabla ya chakula na ngoma, zirudi kwenye maboksi. Zinazopotea nyingi hupotea jioni ile. Siku ya safari iwe kwenye begi la mkononi, na cheti kilale bapa kati ya makadibodi mawili.

---

Karani_wa_Kombania

Nimejumlisha 89 na kundi la tatu lote limebadilika tarehe. Wale wanne wameingia orodha ya nyongeza, pendekezo la majeruhi liko kwa kamanda linasubiri taarifa ya daktari. Kesho orodha inabandikwa ubaoni. Kuna Mohamed kumi na mmoja.